Sifa za Mwenye Kufumua

Katika mji wa Paragon City kulikuwa na duka la fundi nguo lililoitwa Icon. Unaingia, unamsogelea mshonaji, na mbele yako unafunguka mwili mzima, kipande kwa kipande: kichwa, mabega, kifua, glavu, mkanda, suruali, viatu. Kila kipande kina rangi mbili za kuchagua, na kila kipande kina mitindo yake, mingi kiasi kwamba mtu aliingia dukani baada ya chakula cha usiku akashtukia kumekucha, bado anahangaika na upana wa kola.

Mji huo haukuwako duniani. Ulikuwa ndani ya mchezo wa kompyuta ulioitwa City of Heroes, uliotengenezwa na Cryptic Studios ya California na kufunguliwa Marekani mwishoni mwa Aprili 2004, kisha Ulaya mapema mwaka uliofuata. Maelfu ya watu waliingia humo kwa pamoja kupitia intaneti, kila mmoja akiwa shujaa aliyejitungia mwenyewe jina, nguvu, kisa cha maisha na mavazi. Kazi iliyoandikwa kwenye boksi ilikuwa kupambana na wahalifu. Kazi tuliyoifanya kwa moyo ilikuwa kushona.

Nalijua neno hilo ninapolitumia. Nimelelewa Ngamiani, Tanga, kwenye baraza ya mjomba wangu, ambaye alikuwa fundi cherehani kwa miaka yote niliyomfahamu. Siku moja mteja alimletea koti la marehemu baba yake. Lilikuwa limeliwa na nondo mgongoni, halivaliki tena, naye alitaka jingine la mkato uleule. Nilidhani mjomba atachukua futi kamba. Alichukua wembe. Akakaa chini kwenye mkeka, akaanza kuufumua mshono wa bega, uzi mmoja mmoja, akipuliza vumbi kila baada ya inchi mbili. Ilimchukua mchana wote. Mwisho koti lilikuwa limelala mkekani vipande kumi na kitu, kila kimoja mahali pake, kama ramani. Akaniita nishike kola.

"Unaona, mjomba? Humu ndani ameweka kitambaa kingine kigumu, amekikata mshazari. Ndicho kinachoibeba kola isilale. Kwa nje usingekiona hata ungelitazama mwaka mzima."

Kisha akavifuata vipande kwa chaki juu ya kitambaa kipya.

Kuchana kila mtu anaweza. Kufumua ni kazi nyingine kabisa. Ni kuurudia mkono wa fundi mwenzako hatua kwa hatua kutoka mwisho hadi mwanzo, pale alipofunga fundo, pale alipokosea akarudia, pale alipokuwa na haraka. Fundi yule huenda umeshamzika, lakini unakaa naye mchana kutwa. Mjomba aliniambia kwamba kila alichojua kuhusu makoti alijifunza kwa kufumua makoti ya watu wengine, na alilisema hilo bila kuona haya yoyote.

Nilihamia Leicester, Uingereza, mwanzoni mwa 2005. Nilipata kazi ya usiku kwenye ghala, zamu nne kwa wiki, na siku tatu zilizobaki sikujua nizipeleke wapi. Mpangaji mwenzangu alikuwa kijana wa Kigujarati ambaye wazazi wake walifukuzwa Kampala mwaka 1972. Jikoni kwao bado kulisikika maneno kama "sufuria" na "mchuzi" katikati ya lugha yao. Yeye ndiye aliyenikalisha mbele ya kompyuta yake na kuniambia nitengeneze mtu. Nikatengeneza mtu wa koti refu jeupe. Nilitafuta kofia ya viua, haikuwamo; nikamwacha kichwa wazi. Kijana yule alirudi kutoka kazini akanikuta palepale.

Seva yetu iliitwa Union. Jioni, mashujaa walikusanyika mbele ya jengo la manispaa katika mtaa wa Atlas Park, chini ya sanamu kubwa ya jitu lililoubeba ulimwengu mabegani. Pale ndipo yalipofanyika mashindano ya mavazi. Mtu mmoja, mchezaji wa kawaida kama sisi, angetangaza kwamba anatoa zawadi kutoka mfukoni mwake, kwa sarafu ya mji ule ambayo iliitwa ushawishi. Watu wanapanga mstari. Yeye anapita mbele yao polepole, anasimama, anarudi nyuma kidogo, anatazama. Hapakuwa na mtengenezaji wa mchezo aliyeandika kanuni za mashindano hayo. Yalizaliwa kwa watu, yakashika, na kila aliyekuja alizikuta taratibu zake zipo tayari, kama vile mgeni anavyozikuta taratibu za baraza.

Kulikuwa na dada mmoja wa Scotland ambaye sikuwahi kulijua jina lake la kweli. Alishinda karibu kila wiki, na aliposhinda aligawa zawadi kwa wageni. Yeye ndiye aliyenionyesha kosa la koti langu. Aliniandikia kwamba rangi ya pili ya glavu ikifanana na rangi ya kwanza ya mkanda, jicho la mtazamaji linashuka mwilini bila kujikwaa. Zikiachana, jicho linabaki mkononi. Nilibadilisha glavu. Ilikuwa kweli. Mpaka leo nikivaa kwenda harusini namkumbuka.

Mavazi yale yalitazamwa hata na wenye mali. Novemba 2004 kampuni ya Marvel ilifungua kesi Marekani dhidi ya wenye mchezo, ikidai kwamba duka lile liliwawezesha wachezaji kuwashona mashujaa wake, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano Desemba 2005. Sijui sifa gani kubwa zaidi ingeweza kutolewa kwa cherehani.

Tena kulikuwa na habari ya majoho. Mchezo ulipofunguliwa hapakuwa na shujaa wa mchezaji aliyevaa joho, jambo la ajabu katika mji wa watu wanaoruka angani. Majoho yalipoletwa, Septemba 2004, watungaji walikitungia kisa kile kilichokuwa kimekosekana: kwamba mji ulikuwa umeacha kuvaa majoho kwa kumwombolezea shujaa mkubwa aliyekwenda vitani asirudi. Ukifika ngazi ya 20 unapewa kazi ndogo, unasimuliwa kisa hicho, ndipo unaruhusiwa kulivaa. Pengo likageuzwa tanzia. Mshonaji aliyepungukiwa kitambaa naye hufanya hivyo, anatia rinda pale palipopelea, na rinda ndilo watu wanaloliona na kulisifia.

Miji ya namna hii haingoji umeme ukatwe ndipo ife. Watu huondoka mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake njema. Kuna aliyepata mtoto, kuna aliyehama, kuna aliyeona mchezo mpya. Kwenye orodha ya marafiki jina la aliyepo linawaka na la asiyekuwapo linafifia, na siku moja unaingia unakuta orodha nzima imefifia, unazunguka Atlas Park dakika kumi, unatoka. Baada ya hapo na wewe unakuwa jina lililofifia kwenye orodha ya mwingine. Nilifanya hivyo mwaka 2009. Nilibadilishiwa zamu, nikaoa, nikaacha. Sikumuaga mtu. Dada wa Scotland aliniandikia ujumbe mara mbili, na nilikuja kuusoma baada ya miaka mitatu.

Tarehe 31 Agosti 2012 ilitangazwa kwamba mchezo utafungwa, na tarehe 30 Novemba mwaka huohuo ukafungwa. Katika miezi ile mitatu watu walirudi kutoka kila pembe. Walijaa mbele ya manispaa wameshika mienge, seva ikalemewa na wingi wao. Nami nilirudi, usiku wa mwisho, na nikaukuta ujumbe wa dada yule. Jina lake lilikuwa limefifia. Kwa saa za California ilikuwa usiku wa manane mji ulipozimwa. Kwetu kulikuwa kumepambazuka, na nilikuwa nimesimama katikati ya umati wa watu waliovaa vizuri kuliko siku zote.

Hapo ndipo inapoanza kazi ninayotaka kuisifu.

Mchezo wa mtandaoni umegawanyika nusu mbili. Nusu iko ndani ya kompyuta yako, nayo ni picha za majengo, milio, maumbo ya nguo. Nusu ya pili iko kwenye seva, na hiyo ndiyo inayojua nani yuko wapi, nani amempiga nani, adui anaamka lini, koti lako jeupe limehifadhiwa vipi. Seva ikizimwa unabaki na kitambaa cha nje peke yake. Kile kigumu cha ndani, kinachoibeba kola, kimekwenda.

Wafumuaji walikuwa wameshaanza kabla ya siku ya mwisho. Kundi la wachezaji waliojiita Titan Network walitoa programu iliyokuwezesha kumnakili shujaa wako, kila kipande na kila namba ya rangi, ukamweka kwenye faili nyumbani. Wengine waliisikiliza mitambo ilipokuwa ingali hai, wakirekodi kila neno lililopita kati ya kompyuta ya mchezaji na seva. Ni mazungumzo ya namba tupu. Kazi yenyewe ni kuuliza: programu ilipotuma namba hizi, ilijibiwa nini? Shujaa aliposogea hatua moja kulia, ni namba ipi iliyobadilika? Unajaribu, unakosea, unaandika, unalala, unaamka kwenda kwenye kazi inayokulisha, jioni unarudi kwenye uzi palepale ulipouacha. Hakuna aliyewalipa. Hakuna aliyewaahidi kwamba mwisho wake koti litavalika.

Na tazama mpangilio wa vitu vilivyorudi, maana ndio ulionifanya nishike kalamu. Kitu cha kwanza kufufuliwa, mji ulipokwisha kuzimwa, kilikuwa duka la nguo. Mmoja wa wafumuaji wale alitoa programu ndogo aliyoipa jina la duka lenyewe, Icon. Iliifungua nusu iliyobaki kwenye kompyuta yako bila seva yoyote, ukaweza kushona shujaa na kutembea peke yako katika mitaa mitupu. Watu waliingia. Hawakuwa na adui wa kupiga wala mtu wa kumwonyesha, wakashona. Kitu cha pili, mwaka 2015, kilikuwa mazungumzo: programu iliyoitwa Paragon Chat, ambamo watu waliweza kuonana mitaani na kuandikiana, na hapakuwa na vita hata kidogo. Vita, vile vilivyoandikwa kwenye boksi, vilirudi hadharani mwisho kabisa, mwaka 2019. Kama ungemuuliza mchezaji yeyote mwaka 2006 anapenda nini katika mchezo ule, angekutajia nguvu zake, moto au barafu. Mikono ya wafumuaji ilijua zaidi. Nguo kwanza, soga baadaye, ngumi mwisho.

Aprili 2019 ikajulikana kwamba kwa karibu miaka sita kundi dogo la watu lilikuwa na seva ya siri iliyokamilika, na wakiingizana kwa mwaliko. Maneno yalikuwa makali. Wako waliokuwa wameuombolezea mji ule miaka yote hiyo, na kumbe taa zake zilikuwa zinawaka nyuma ya mlango uliofungwa. Nami nilikasirika, halafu nikamkumbuka mjomba. Naye alikuwa na karatasi zake za kukatia ambazo hakumwonyesha mtu. Woga wa fundi naujua: kazi ikionekana, itanyang'anywa. Hata hivyo nasema walikosea. Mji wa watu wanaoonyeshana mavazi ukifichwa unakuwa kabati. Ndani ya siku chache msimbo wa programu ukawekwa hadharani, seva za wachezaji zikafunguliwa moja baada ya nyingine, na iliyokua kuliko zote ikaitwa Homecoming. Haina ada, gharama zake zinalipwa kwa mchango, kama tunavyochangia msiba au harusi. Januari 2024 ikatangazwa kwamba NCSoft ya Korea Kusini, yenye haki za mchezo, imeipa Homecoming leseni rasmi. Naipongeza NCSoft kwa hilo. Mwenye koti alikubali lishonwe upya na livaliwe barabarani mchana.

Haikuwa mara ya kwanza. Mchezo wa EverQuest wa mwaka 1999 una seva ya wapenzi wake inayoitwa Project 1999, inayoutunza kama ulivyokuwa enzi zile, nayo ilipata makubaliano na wenye mchezo mwaka 2015. Na dunia ya kwanza ya namna hii, iliyoandikwa na Roy Trubshaw na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex kuanzia 1978, ya maandishi matupu bila picha hata moja, ina watu wanaoitunza hadi sasa. Lakini hao ni jamaa wa ukoo uleule. Ninayetaka kumleta barazani ametoka ukoo mwingine, wa televisheni.

Jumamosi ya tarehe 26 Machi 2005, saa moja jioni, mwenye nyumba wetu pale Leicester, Mwingereza mzee asiyependa kelele, alitugongea mlango. Televisheni yake ilikuwa imeharibika, akaomba aketi kwetu. Ilikuwa siku ya kurudi kwa Doctor Who. Tamthilia hiyo ya BBC ilianza tarehe 23 Novemba 1963, ikadumu hadi 1989, ikakatwa; mbali na filamu moja ya mwaka 1996 haikuwa imeonekana tena. Muziki wa kuanzia ulipolia mzee alivua miwani. Sikuelewa. Baada ya kipindi kwisha aliniambia kwamba muziki ule umetengenezwa kwa wembe.

Na kweli. Tungo ilikuwa ya Ron Grainer, lakini aliyeupa muziki ule mwili ni Delia Derbyshire, katika karakana ya sauti ya BBC, mwaka 1963, kabla sintesaiza hazijawa vitu vya dukani. Alichukua mlio wa waya mmoja uliovutwa na kuachiwa, akachukua na milio ya mashine za umeme za kupimia mitambo, akaubadilisha kila mlio kasi mpaka ukafika kwenye noti aliyoitaka, akaurekodi, akaukata utepe, akauunganisha na utepe wa noti iliyofuata. Noti moja, kipande kimoja. Muziki mzima umeungwa hivyo, kama shuka la viraka. Mwaka 2005 Murray Gold alipoushona upya kwa ajili ya tamthilia iliyofufuka, milio ya Derbyshire aliichukua kama ilivyo akaitia ndani ya mpya. Ndiyo maana mzee alivua miwani. Alikisikia kitambaa cha zamani ndani ya koti.

Mjomba naye alifanya vivyo hivyo na koti la marehemu. Kile kitambaa kigumu cha kola kilikuwa kizima, nondo hawakukifikia. Akakitia katika koti jipya, na hakumwambia mteja.

Vipindi vingi vya miaka ya kwanza ya tamthilia hiyo vilifutwa. Kanda za video zilikuwa ghali na vipindi vipya vilirekodiwa juu ya vile vya zamani, mikataba na wasanii ilibana marudio, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja watu wangetaka kukinunua kipindi wakakiweke nyumbani. Mtindo huo uliendelea hadi mwaka 1978. Zaidi ya vipindi 90 vya miaka ya 60 havijapatikana mpaka leo. Lakini sauti ya kila kimoja ipo. Ipo kwa sababu watoto na vijana wa Uingereza waliiweka mashine ya kurekodi mbele ya televisheni, kila Jumamosi, mwaka baada ya mwaka, nyumba nzima ikaamriwa kunyamaza.

Hili hakuna wa rika langu anayehitaji kufafanuliwa. Baba alirekodi taarabu na michezo ya redio kwa kaseti pale Ngamiani, kidole kimekaa juu ya kitufe, mkono wa pili umeinuliwa kutuzuia tusiseme. Ninayo kaseti moja mpaka sasa. Kati ya wimbo na wimbo unasikika mlio wa mbuzi ya nazi kutoka uani: kru, kru, kru, kisha kimya, kisha kru tena. Ni mama. Baba alimkasirikia siku ile kwa kumharibia kanda, na sasa ndio upande ninaoucheza.

Picha nazo zilipata mtunzaji wake. John Cura alikuwa mpiga picha aliyefanya biashara ya kupiga picha za skrini ya televisheni vipindi vikiwa hewani, makumi ya picha kwa kila kipindi, akiwauzia waongozaji na waigizaji waliotaka kumbukumbu ya kazi zao. Aliposhika kamera yake hakuwa akiokoa kitu; alikuwa akitafuta riziki. Baadaye wapenzi walizichukua picha zake zilizotulia, wakazipanga juu ya sauti zilizorekodiwa sebuleni, wakavijenga upya vipindi visivyokuwapo. Kuanzia 2006, kwa hadithi ya The Invasion, sauti hizohizo zimewekewa katuni na kuuzwa rasmi. Na vipindi vyenyewe vimekuwa vikirudi kimoja kimoja kutoka huko nakala za filamu zilikopelekwa kuuzwa. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, msakaji wa filamu zilizopotea, ameviona vipindi tisa katika kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria. Vilikuwa kwenye rafu. Kuna mtu pale Jos aliyeviweka, wengine waliomfuata hawakuvitupa, na jua la Jos halikuvila. Jina la mtu huyo halimo katika tangazo lolote nililolisoma. Angekuwa wa kwanza kwenye mstari wa zawadi.

Sasa, nani aliyeifufua tamthilia ile? BBC ilitoa fedha na saa. Aliyeishona ni Russell T Davies, na yeye alikuwa mtoto wa mbele ya televisheni kama wale wa mashine za kurekodi. Katika miaka kumi na sita ya ukame, wapenzi hawakukaa kusubiri: kuanzia 1991 zilitoka riwaya zilizoendeleza kisa, na Davies mwenyewe aliandika moja, mwaka 1996; kisha kuanzia 1999 ikaja michezo ya sauti yenye waigizaji walewale wa zamani. Kwa miaka hiyo yote walikuwa wakilifumua koti. Walijua kwamba lile sanduku la buluu la polisi anamosafiria shujaa wa tamthilia, kubwa kwa ndani kuliko kwa nje, lisingeguswa, na kwamba visa vya wiki nne vilivyokatiwa pabaya vingeweza kwenda zake. Walijua kipi ni kitambaa cha kola na kipi ni vifungo tu.

Tamthilia nyingi zinazofufuliwa siku hizi zimeshonwa kwa kutazama nje. Sura zilezile zimeongezeka mvi, sebule ileile, mzaha uleule, na watazamaji wanapiga makofi kwa dakika tano za kwanza kisha wanabaki wanangoja. Inauma, kwa sababu mapenzi ya mtazamaji ni ya kweli. Siwataki wanaofufua waige tu. David Lynch na Mark Frost waliporudi na Twin Peaks mwaka 2017, robo karne na zaidi baada ya kuiacha, walishona vipindi 18 ambavyo vinawanyima watazamaji karibu kila walichokijia. Wengi walikasirika. Mimi niliona mafundi waliolifumua koti lao wenyewe, wakatazama ndani, wakasema kwa unyofu kwamba mwili uliolivaa umebadilika na mkato uleule ungekuwa uongo. Hiyo nayo ni kazi ya mwenye kufumua, na pengine ndiyo ngumu kuliko zote.

Nami nimerudi Paragon City. Nilirudi majira ya baridi ya 2024, mtoto wangu wa pili akiwa amelala chumba cha pili. Yule mtu wa koti jeupe sikuwa nimemnakili. Programu ya kumnakili niliisikia habari zake mji ulipokwisha zimwa. Kwa hiyo nilianza upya, kwa kukumbuka. Mabega yalikuja haraka, na kola pia. Weupe wa koti ulinisumbua, kwa kuwa kwenye ubao wa rangi kuna nyeupe kadhaa zinazoelekea kijivu, na macho yangu si yale ya 2005. Glavu nilizipatia mara moja, rangi ya pili ikifanana na ya kwanza ya mkanda.

Nilisimama chini ya sanamu. Kulikuwa na watu kumi na wanane kwenye mstari, mashindano yanaendelea, na taratibu zilikuwa zilezile: mtoa zawadi anapita, anasimama, anarudi nyuma kidogo. Sikumjua hata mmoja wao. Aliyekuwa kando yangu alikuwa mgeni kabisa, inaonekana kwa namba ya ngazi yake, amevaa kijani, nyekundu na zambarau, na glavu za manjano. Hakushinda. Alipoanza kuondoka nilimwandikia, nikamuuliza kama angependa kuonyeshwa kitu kidogo kuhusu mkanda.

Akasimama. Akageuka. Tukaenda wote wawili kwa mguu mpaka dukani, ingawa mimi nilikuwa naweza kuruka.